Ziwa Lilipanda, Ufukwe Haukuliwa

Sura ya ufukwe katika tasnifu ile ya jiolojia ya Musoma, kando ya Ziwa Victoria, haifai, na imeharibiwa na uamuzi mmoja. Mwanafunzi alichukua picha ya setilaiti ya mwishoni mwa 2006 na nyingine ya Mei 2020, akachora mstari wa maji kwenye kila moja, kisha tofauti yote akaiita mmomonyoko.

Mliokuwepo kwenye utetezi wa tasnifu hiyo mliiona ramani yenyewe, nyekundu ya mmomonyoko tupu. Hakuna mtahini aliyeuliza usawa wa ziwa. Mwaka 2006 Victoria ilikuwa imeshuka mno, kwa ukame na kwa maji mengi kupitishwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda. Mei 2020 ilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, ikaipita hata rekodi ya 1964. Maji yalikuwa yamepanda takriban mita 3. Pigeni hesabu: kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 katika kila mita 50, maji yataingia bara mita 150. Hiyo ni kama mita 11 kwa mwaka, na huenda mchanga haujahama hata punje. Kasi ya namna hiyo ndiyo inayotumika kupendekeza mialo ihamishwe! Mwalo, mahali samaki wanaposhushwa, ni riziki ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa.

Nalisema tena, kama nilivyolisema tangu programu za kupima mabadiliko ya ufukwe zianze kupatikana bure: programu hupima umbali kati ya mistari, haijui maji yalifikaje pale. Mwanafunzi angechora ukingo wa mimea ya kudumu. Au angechagua tarehe zenye usawa mmoja. Setilaiti zinapima kimo cha ziwa hili tangu 1992.

Si tasnifu yote iliyo mbaya: miamba ya volkano ya Musoma, ya zaidi ya miaka bilioni 2.6, ameichambua vizuri, hasa slaidi za basalti.

Lakini kwa ziwa na ukingo wake, mfano wa kufuata upo: mwanajiolojia Richard Hay alianza kazi Olduvai 1962, akatoa kitabu chake kuhusu jiolojia ya huko 1976. Alifuata matabaka ya majivu ya volkano kwa miguu, akatenganisha ziwa la kale la kudumu na ukingo uliofurika na kukauka kwa zamu. Ziwa lile lilikwisha kutoweka zaidi ya miaka milioni moja na nusu kabla yake. Mwanafunzi wetu ziwa analo mbele yake, na vipimo vyake vimeandikwa.

Sura ya ufukwe irudiwe. Usawa wa 1964 na wa 2020 unakaribiana mno. Picha za anga za karibu na 1964 zikipatikana, hiyo ndiyo mistari ya kulinganisha. Mapendekezo ya kuhamisha mialo yaondolewe kwanza.