Kalamu Isigeuke Karamu

Mwaka 1994 Jeff Bezos alikuwa anataka kuuza vitabu mtandaoni, na jina la kwanza alilolipenda lilikuwa Cadabra, mkato wa neno la wacheza mazingaombwe. Wakili wake akamtahadharisha kwamba kwenye simu jina hilo husikika kama "cadaver", yaani maiti. Likatupwa. Bezos alisajili pia relentless.com, rafiki zake wakaona lina ukali mno, ndipo akaishia kwenye Amazon. Anwani ya relentless.com hakuiachia, na aliyeiandika alijikuta kafika Amazon.

Wakili yule alikuwa na sikio la fundi. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, linaonekana kama jambo la macho: limechapwa kwenye kadi, limepakwa ubavuni mwa gari. Lakini kazi yake kubwa huifanya mdomoni. Hutajwa redioni, huulizwa kwenye simu, husemwa ndani ya daladala ambayo muziki wake hauna huruma na mtu. Kwa hiyo mjuzi wa kuchagua majina hulitamka kwanza, kisha humpa mtu kalamu aandike alichosikia. Flickr, tovuti ya picha iliyoanza mwaka 2004, ilijinyima herufi e kwa kuwa flicker.com ilikuwa na mwenyewe. Kila aliyelitaja jina hilo ilibidi aongeze maelezo.

Mtumiaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu neno huandikwa jinsi linavyotamkwa. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, lilikusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Aliyelisikia jina mara moja aliweza kuandika ushahidi.com bila kuuliza, na kabla hata ya kuifungua alishajua anakwenda kutafuta nini.

Bahati hiyo ina mitego yake. Mwenye duka la vifaa vya ofisi ajiite kalamu, na wapo wateja watakaoandika karamu, waangukie kwa wapishi wa harusi. Sonara anayependa neno thamani ajiandae kuwapoteza wengine kwenye samani, wakaonyeshwa makochi. Dh na z, gh na g, nazo hazitulii midomoni mwa watu. Fundi makini ama huzikwepa herufi hizo, ama husajili majina yote mawili na kulielekeza la pili kwenye la kwanza. Gharama yake si kitu ukilinganisha na mteja aliyepotea.

Macho nayo yana zamu yao. Kikoa hakina nafasi kati ya maneno, wala herufi kubwa haitofautishwi na ndogo. Tazama dukalanguo: mwenyewe alikusudia duka la nguo, ila jicho husoma "duka langu" kisha likabaki na o isiyo na kwao. Kistari kinaruhusiwa na kingetenganisha maneno, lakini redioni kistari ni balaa. Heri kubadili jina. Kanuni zinaruhusu hadi herufi 63 kati ya nukta na nukta, ruhusa ambayo mtu mwenye busara haitumii.

Zamani uhaba wa majina haukuwepo. Symbolics.com, ya kwanza kusajiliwa chini ya .com, iliandikishwa tarehe 15 Machi 1985, na uwanja ulikuwa mweupe. Leo maneno mafupi yamekwisha huko, ilhali chini ya .co.tz au .co.ke bado inawezekana kupata neno zuri la Kiswahili, na mteja wa Mwanza au Nakuru akajua papo hapo duka liko nchi gani. Kinachosahaulika ni ada. Jina halinunuliwi moja kwa moja, hulipiwa kwa muda, na likiachwa likaisha huchukuliwa na mwingine.

Wageni nao wamekuja kuchota kwetu. eBay ilipoanzisha tovuti ya matangazo madogo mwaka 2005 iliiita Kijiji, na Wakanada wakaizoea. Mwaka huohuo waundaji waliojitenga na programu ya kutengenezea tovuti iitwayo Mambo (ndiyo, Mambo) waliibatiza kazi yao mpya jumla, ila wakaiandika Joomla ili Mzungu aitamke sawasawa. London hilo halina taabu. Mtu wa Tanga akitajiwa kwa mdomo ataandika j, u, m, l, a, na atashangaa anapelekwa wapi.