Sikio la Chuma: Namna ya Kuikagua Modeli ya Sopwith Camel

Ukiwekewa mezani modeli ya ndege, usianze na rangi. Rangi hufunika mengi. Anza pale nguzo inapokutana na bawa, kwenye kile kishikizo kidogo cha chuma kinachobana nguzo na nyaya kwa pamoja. Hapo ndipo utakapomjua fundi.

Nachukua mfano wa Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 1916, kwa sababu umbo lake ni mbao, kitambaa na waya, na vyuma vinavyoviunganisha viko nje, wazi machoni. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili ilikuwa mita 8.53. Kwa kipimo cha 1:16 unapata sentimita 53 hivi, ukubwa unaomwezesha mtu kutengeneza kila kishikizo kwa mkono wake.

Tazama kwanza unene. Bati la milimita 1.6 kwenye ndege halisi huwa milimita 0.1 tu kwenye modeli, kama karatasi. Wengi hukata vishikizo kwa shaba ya milimita 0.4, kwa kuwa inashikika vizuri na haipindi ovyo. Ikuze mara 16 uone: ni pande la chuma la zaidi ya milimita sita! Chukua lenzi uangalie na ukingo. Kipande cha kusubu hujulikana kwa pembe zake butu. Kilichokatwa kwa msumeno wa sonara kikamaliziwa kwa tupa kina pembe kali, na tundu lake liko katikati barabara.

Halafu lije sikio, ule ulimi wenye tundu unaoshika waya. Mimi hukaa hapa kuliko popote. Waya ukikazwa huvuta kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo sikio sharti likunjwe lielekee kule kule waya unakokwenda. Na Camel haina huruma: bawa lake la juu limenyooka, la chini limeinuka nyuzi 5 kuelekea nchani. Masikio ya juu na ya chini hayawezi kuwa na mkunjo mmoja. Aliyeyakunja yote kwa kalibu moja ataonekana mara moja. Weka jicho usawa wa waya, ufuate taratibu mpaka tunduni. Ukiona umepinda pale unapoingia, hata kwa unene wa unywele, basi sikio limekunjwa kwa kukisia.

Nyaya zenyewe zina mtego wake. Niliwahi kuona Camel iliyofungwa vikazio vidogo vya shaba kwenye kila waya wa bawa, vimekerezwa kimoja kimoja kwa subira ya ajabu. Niliumia moyo, maana kazi ilikuwa safi na mahali hapakuwa pake. Nyaya za mabawa ya Camel zilikuwa fito bapa za chuma, aina iliyobuniwa Farnborough, Uingereza, ili zikate hewa, zenye uzi wa skrubu na uma kwenye ncha. Vikazio vile ni vya nyaya za kusokotwa, kama zile za Albatros ya Wajerumani. Kwenye Camel iliyotengenezwa sawasawa, ukiitazama kwa mbele nyaya karibu zinapotea. Ukiitazama ubavuni upana wake unajitokeza.

Injini isikupotezee muda. Injini ya Clerget ina fito mbili za kusukuma vali kwa kila silinda. Ile ya Le Rhône ina moja, na mabomba ya shaba upande wa nyuma. Zote mbili zilifungwa kwenye Camel, ila fundi asizichanganye.

Lehemu je? Kiungo kizuri ni mstari mwembamba wa fedha. Sonara aliyenifundisha alikuwa akikata punje ndogo kuliko ufuta, na kila nilipoongeza alinirudisha nianze upya. Lehemu ikijaa konani, kishikizo huonekana kama kimeyeyuka.

Kifuniko cha injini ukitazame ndani. Alumini haifuati nyundo mpaka ilainishwe: unaipaka sabuni, unaipasha moto mpaka sabuni igeuke nyeusi, kisha unaigonga juu ya kalibu ya mti, na ikikakamaa unarudia. Kwa nje pitisha taa. Mwanga uteleze bila kukatika. Kwa ndani natamani kuona alama za nyundo, ndogo na zilizopangana. Nikikuta lipu iliyopakwa kujazia mabonde, narudi kukagua masikio upya.

Mwisho omba ruhusa, kisha gusa waya mmoja kwa ncha ya ukucha. Usilegee. Gusa na mwenzake wa bawa la upande wa pili, usikilize kama milio yao inalingana.