Kupandisha Sauti: Neno Lipotoshalo Darasani

Waalimu wengi wa kuimba huanza kwa kuandika do, re, mi ubaoni, kisha huwaamuru watoto wapandishe sauti. Njia hii ya herufi ilienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, naye aliipata kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich. Njia yenyewe haina kosa. Kosa limo katika maneno tunayoifundishia.

“Kupandisha sauti” kuna maana mbili: kuimba kwembamba zaidi, na kupaza kwa nguvu zaidi. Mtoto hushika ile ya pili, maana ndiyo aisikiayo kila siku. Huko Shishiyu, wilaya ya Maswa, nilimwambia mtoto mmoja apandishe. Akarudia sauti ileile kwa nguvu nyingi. Nikamnyamazisha, nikisema hana sikio. Kumbe yeye alitii agizo. Asiyesikia nilikuwa mimi.

Yafaa basi tuseme “nene” na “nyembamba” kwa kimo cha sauti, “kubwa” na “ndogo” kwa nguvu yake. Tena mwili utangulie ubao. Watoto wachutame kwa sauti nene, wasimame kwa nyembamba. Wasikilize ngoma kabla ya kuoteshwa moto na baadaye: ngozi ikikazika, mlio huwa mwembamba. Wabonyeze uzi wa zeze, waone kuwa sehemu fupi hulia nyembamba kuliko ndefu.

Kwa chupa yataka hadhari. Chupa ikiongezwa maji, ikigongwa hulia nene zaidi. Lakini ikipulizwa mdomoni hulia nyembamba zaidi, kwa kuwa hapo kitikisikacho ni hewa iliyobaki. Mwalimu asiyejaribu kwanza nyumbani atafundisha uongo.

Wako wasemao kwamba haya ni michezo tu, yapoteza saa. Sikubaliani nao. Kisukuma ni lugha ipambanuayo maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtoto aliyelelewa nayo amezoea kupambanua hayo kabla hajaijua herufi moja. Sikio analo, limpungukialo ni jina la kile akisikiacho.

Juma lililofuata nalimwita mtoto yule, nikamwambia aimbe nyembamba, lakini kwa sauti ndogo. Akaipata. Ndugu waalimu, kabla hatujasema kwamba mtoto hajui kuimba, na tumwulize tena kwa neno jingine.