Istiari ya Mwanasesere katika Valley of the Dolls

Katika riwaya hii ya mwaka 1966, Jacqueline Susann wa Marekani anaviita vidonge vya usingizi wanasesere. Uteuzi huu si pambo tu. Mwanasesere ni mwenzi wa mtoto mpweke: hukumbatiwa, wala hajibu. Neely O'Hara, mwimbaji na nyota wa filamu, hushangiliwa na umati, lakini usiku hana mwenzi ila huyo. Hata hivyo, msuko una dosari. Vidonge huandikwa na daktari. Lakini riwaya inaishia kwa Anne Welles kuvimeza kwa uchungu wa mume asiye mwaminifu, na daktari hahojiwi. Istiari, basi, imeona mbali kuliko msuko: mwanasesere hununuliwa na mtu mzima, akapewa mtoto ili anyamaze.