Bakora Katika Safu

Mjomba wangu alipofiwa na mkewe, alikaa miezi akiitikia salamu kisha kunyamaza. Chai ilimpoa mkononi. Tulimletea dawa, tukamletea wageni. Kilichomwinua barazani ni zumari. Ilikuwa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, na Lamu nzima imejaa. Vijana wakamjia: "Mzee, safu ya goma ina pengo." Hawakumwambia kwamba kucheza kutamfaa. Walimwambia anahitajika.

Goma ni ngoma ya wanaume wenye kanzu na kofia, wamejipanga bega kwa bega, kila mtu na bakora yake. Ngoma za chapuo na vumi hushika mwendo, zumari ikazunguka juu yake. Miguu haina haraka. Bakora huinuliwa pamoja, huinamishwa pamoja, na safu nzima hupanda na kushuka kama madau bandarini maji yakijaa. Asiyejua huona jambo jepesi. Na aingie, ainame kabla ya jirani yake, aone safu inavyochafuka!

Ustadi wenyewe ni huo wa mkono kuungoja mkono mwingine. Subira hiyo mzee anayo tele. Na fimbo ile ile inayomkumbusha kila alfajiri kwamba magoti yamechoka, hapa ndiyo pambo lake na daraja yake. Naipenda goma kwa hili kuliko yote.

Mwaka 2003 watafiti wa New York walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee 469 waliopita umri wa miaka 75. Kati ya shughuli zote za kutumia mwili walizozichunguza, ni dansi pekee iliyoonekana kwenda pamoja na upungufu wa maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hiyo si hati ya kusema dansi ni kinga, wala wale hawakucheza goma. Lakini mtazame mzee safuni: sikio kwenye zumari, jicho la pembeni kwa jirani, kichwani anahesabu mapigo asije akapitwa na zamu ya kuinama. Ana wasaa gani wa kuzama katika huzuni?

Mcheza kwao hutunzwa, na usiku ule mjomba alitunzwa. Alirudi kanzu imemganda mgongoni, analalamika kwamba mwenziwe wa kushoto aliwahi kuinama. Akaomba chai. Kabla haijapoa alikuwa ameshaanza kunionyesha, kwa kijiko, jinsi ilivyopasa.