Jiwe la Leakey, mto wa Mtoto

Kuna hadithi ambazo hatuzihakiki kwa sababu zimeandikwa na wanasayansi. Tunazipokea zikiwa zimeshafungwa: mifupa, miaka, jina la Kilatini, basi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikusoma jiolojia, lakini kusoma hadithi najua. Nataka tuzisome mbili vile tunavyosoma riwaya yoyote: nani anasimulia, na anajuaje?

Ya kwanza ni ya Fort Ternan, kituo kidogo cha reli pale Kericho inapoteremkia miwa ya Muhoroni. Mwaka wa 1961, mifupa iliyogeuka mawe kwenye shamba la Fred Wicker ilimfikia Louis Leakey. Mwaka uliofuata Leakey akamtangaza Kenyapithecus wickeri, sokwe wa miaka kama milioni 14. Sokwe akawa wa Kenya kabla sisi tupate bendera. Lakini angalia nusu ya pili ya jina: Wicker, mwenye shamba. Wakipsigis nao baadaye walipewa mnyama wa pale wa jamii ya swala, Kipsigicerus, yaani pembe ya Kipsigis. Mlowezi anapewa anayedaiwa kuwa babu wa binadamu, wenyeji wanapewa pembe. Ungeandika hivyo kwenye riwaya, mhariri angekwambia umezidisha.

Kwa nini mifupa ilidumu hapo? Majani chai hupenda udongo wenye asidi, na asidi hula mfupa. Juu huko kwenye mashamba ya chai ya Kericho ni bure kutafuta. Fort Ternan iliokolewa na volkeno ya Tinderet, iliyomwaga majivu yenye chokaa juu ya mizoga. Chokaa ndiyo mhifadhi wa kumbukumbu hapa, na tutakutana nayo tena.

Shida inaanza mwaka wa 1968. Leakey aliandika kwenye jarida la Nature kwamba Fort Ternan kulikuwa na bonge la jiwe la lava lenye kingo zilizogongwagongwa, pamoja na mifupa iliyopasuliwa. Akamaliza hadithi mwenyewe: Kenyapithecus alishika jiwe, akavunja mfupa, akala uboho. Ni picha tamu sana, na ndiyo maana siiamini. Fisi huvunja mifupa. Mawe hugongana yenyewe kwenye mafuriko. Kati ya jiwe na mkono kuna pengo, na Leakey analiruka kwa sababu tayari ameamua sokwe wake ni babu yetu. Anamhitaji mhusika, si ushahidi. Wenzake wengi hawakumfuata, na leo Kenyapithecus anahesabiwa sokwe tu, aliyeishi zamani mno kabla ukoo wetu haujatengana na wa sokwemtu. Kama mwandishi namwelewa, kama msomaji hapana.

Hadithi ya pili iko pwani. Panga ya Saidi, Kilifi, ni mapango ndani ya mawe ya chokaa yaliyotokana na bahari ya kale (panga hapa ni pango, si la kukata majani). Watu wameyatumia kwa takriban miaka 78,000, na hata wenyeji wa siku hizi wamefanyia ibada zao humo. Mwaka wa 2013 wachimbaji waliona mifupa, na mwaka wa 2017 shimo lenyewe likafunuliwa, kama mita tatu chini ya sakafu ya leo. Ndani alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mifupa ilikuwa laini mno, ikabidi ifungwe plasta, ikapelekwa Nairobi, kisha Burgos, Uhispania, ichunguzwe. Ripoti ilitoka Nature mwaka wa 2021. Jarida ni lilelile, lakini mwenendo ni tofauti kabisa.

Hapa hakuna anayeruka pengo. Wanaanza na udongo: uliojaza shimo si sawa na uliolizunguka, kwa hiyo lilichimbwa. Viungo vingi viko mahali pake, kwa hiyo mwili ulifunikwa mapema. Mabega yamebanwa, kwa hiyo sehemu ya juu ilifungwa kwa kitu, pengine majani au ngozi. Kichwa kimeinama kwa namna ya kichwa kilichopoteza kitu kilichokuwa chini yake. Mto.

Nikisoma hapo nilisimama. Hakuna mto. Umeoza. Kuna pembe ya shingo tu, na kutoka kwa pembe hiyo wanathubutu kusema mtu alitafuta kitu laini akakiweka. Hawasemi ni mama. Hawasemi alilia. Waandishi wetu wengi wa hadithi fupi, na mimi nimo, tungeshamliza huyo mama kufikia aya ya pili.

Halafu jina. Hawakumwita kwa jina la mwenye shamba. Walimwita Mtoto.