Uzito wa Chungu: Namna ya Kujua Saa ya Kumwagilia

Katika nyumba nyingi za Pwani ya Kusini ya Kenya, tangu Tiwi na Ukunda hadi Msambweni, hakukosekani uani au barazani chungu, debe au kopo lililopandwa asumini au mrihani, na ni ada ya wenye nyumba hizo kumimina kata ya maji asubuhi na nyingine alasiri, kiangazi na masika, bila kutazama kama udongo una haja nayo. Ada hiyo chanzo chake ni huruma, nami naiheshimu. Lakini yaonekana kwangu kwamba ndiyo inayoua maua ya chunguni kuliko kiu, kwa kuwa huupa mmea maji na kuunyima hewa.

Sababu iko kitakoni. Ardhi ya shamba ina kina, na maji yakizidi hushuka mbali na mizizi; lakini udongo wa chunguni hukoma pale chungu kinapokoma, na hata tundu likiwa wazi maji hayatoki yote, bali husalia tabaka la udongo ulioshiba, likishikiliwa na matundu madogo ya udongo wenyewe. Kimo cha tabaka hilo ni kimoja katika chungu kirefu na kifupi, maadamu udongo ni wa namna moja, na kwa ajili hiyo kifupi ndicho chenye hatari zaidi. Wako wanaotandika kokoto chini wakitaraji maji yateremke upesi. Ilhali maji hayaingii kokotoni mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, na matokeo yake ni kulipandisha tabaka lile karibu na mizizi. Mizizi nayo hupumua. Ikizama siku kadhaa huoza, na mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, mwenyewe akauhurumia na kuuongezea kata ya tatu.

Atakaye kuuona umuhimu wa hewa kwa mizizi na aende Gazi, ambako miche ya mikoko hulelewa katika vifuko penye kujaa na kupwa, na bahari ndiyo inayoimwagilia. Mkoko wa huko uitwao mchu umejaaliwa mizizi inayochomoza juu ya tope ili kuvuta hewa maji yakipwa. Asumini haikupewa neema hiyo.

Basi saa ya kumwagilia itajulikanaje? Kwangu mimi hakuna dalili iliyo bora kuliko uzito. Mwaka 1727 Mwingereza Stephen Hales alichapisha kitabu chake Vegetable Staticks, akaeleza jinsi alivyopanda alizeti chunguni, akaufunika mdomo wa chungu kwa bamba la risasi ili maji yasipate njia ila majanini, kisha akakipima kwa mizani asubuhi na jioni. Mchana wa saa 12 alizeti ile ilipoteza kwa wastani ratili 1 na wakia 4, na siku ya joto kavu ratili 1 na wakia 14. Usiku mkavu wa joto wakia 3 tu, na ukishuka umande haikupoteza kitu. Mmea ni ule ule na chungu ni kile kile, na haja yake imebadilika kwa hali ya hewa: vipi basi kata mbili za kila siku zitalingana na jua la kaskazi mwezi Februari na mvua za Mei pamoja?

Mizani si lazima. Mikono miwili yatosha. Kimwagilie chungu mpaka maji yatoke tunduni, kiache kichuruzike, ukiinue, na uzito huo uuhifadhi mkononi. Kiinue tena kesho na kesho kutwa, na kikiwa chepesi waziwazi ndipo utie maji. Kilicho kizito mno kuinuliwa kichunguze kwa kidole hadi pingili ya pili: ukikuta ubaridi na udongo unaogandama, ngoja. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi husema chenyewe, maana ubavu wake huwa mweusimweusi ukiwa na maji, na hupauka kuanzia mdomoni kwenda chini kadiri yanavyopungua.

Saa ikifika, tia mengi kwa mara moja. Visima vya karibu na bahari, kama vya Diani, maji yake matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, na yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Maji hayo yakitiwa kidogo kidogo, mmea huyanywa na chumvi ikabaki, hata ukaona ukoko mweupe mdomoni mwa chungu na ncha za majani zimeungua. Yakitiwa mpaka yatiririke tunduni huichukua sehemu ya chumvi ile nje. Sahani iliyo chini imwagwe papo hapo, isije ikairudisha. Na mvua za masika zikianza, chungu kitolewe barazani kiwekwe uani kwa mvua moja au mbili kubwa ziioshe chumvi iliyosalia, juu ya mawe mawili ili tundu lisizibwe.